Balsamu ya porini, Impatiens walleriana: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yanarudi kila msimu wa mvua watu wakianza kupanda milima ya Amani, Uluguru na Shimba Hills na kupiga picha maua. Nimeyajibu kwa kirefu pale panapostahili, na kwa mkato pale ambapo hamna cha kuzungusha maneno.

Hii balsamu ya porini ni mmea gani hasa?

Ni mmea laini wa kivulini, shina lake limejaa maji, unaishi zaidi ya mwaka mmoja. Kisayansi unaitwa Impatiens walleriana. Familia yake ni Balsaminaceae, familia ya ajabu kidogo kwa sababu ina jenasi mbili tu (jenasi ni kundi la spishi zilizo ndugu), Impatiens yenye spishi zaidi ya 1,000 na Hydrocera ya huko Asia yenye spishi moja peke yake. Afrika bara tuna spishi zaidi ya 100 za Impatiens na nyingi zimejibana kwenye milima yenye unyevu, yaani unaweza kukuta spishi iko mlima mmoja tu duniani na ukivuka bonde haipo tena. Walleriana sio ya hivyo, yenyewe imetapakaa, ndo maana ni nzuri ya kuanzia kwa mtu anayetaka kuijua jenasi hii.

Si ndio yale maua ya kwenye makopo barazani kwa bibi?

Ndiyo, ni yaleyale. Ukienda kitalu chochote cha Dar, Arusha au Nairobi utayakuta yamepangwa mekundu, meupe, ya pinki, na muuzaji atakwambia ni maua ya nje, ya kizungu. Sio ya kizungu. Mababu wa hayo maua walitoka kwenye misitu yetu ya Afrika Mashariki, wakapelekwa Ulaya karne ya 19, wakafugwa huko na Amerika, wakarudi kwetu kwenye pakiti za mbegu. Tofauti ni kwamba ya kitaluni yamefanywa mafupi, yamejaa matawi, na maua yamekuwa makubwa na mengi. Ya msituni ni marefu zaidi, yamekonda, maua machache machache.

Nitaitambuaje nikiwa msituni?

Hapa ndo penyewe kwahiyo tutakaa kidogo. Kosa la watu karibu wote ni kuanza na rangi. Acha rangi kabisa, nitaeleza kwa nini kwenye swali linalofuata. Anza chini upande juu, alafu ukifika kwenye ua ligeuze uangalie nyuma.

Shina: la kijani au limeingia wekundu kidogo, laini, halina nywele, ukilivunja linatoa maji na linakatika kirahisi. Urefu kwa kawaida ni sentimita 15 hadi 70, ila kwenye unyevu mzuri linaweza kukaribia mita moja. Linasimama au linalala kidogo na kutoa mizizi pale kifundo kinapogusa udongo.

Majani: yamepangwa kwa kupishana yakizunguka shina, na kule juu yanabanana hadi mtu akiangalia haraka anadhani yametoka sehemu moja. Kila jani lina kikonyo chake cha sentimita 1.5 hadi 6, na bapa la jani ni sentimita 2.5 hadi 13 kwa urefu na 2 hadi 5.5 kwa upana, umbo la yai au duaradufu, limechongoka nchani. Ukingo una meno madogo ya mviringo, na ukitazama kwa karibu kila jino lina kincha kidogo. Kwenye kikonyo au pale jani linapoanzia kuna vitezi vichache vilivyosimama kama vichwa vya pini, vinatoa utamu kidogo na mara nyingi utakuta sisimizi wanazurura hapo. Vitezi hivyo havihusiani na ua.

Ua: linatoka kwenye kwapa la jani, moja peke yake au mawili matatu kwenye bua moja jembamba. Ukiliangalia kwa mbele ni bapa, limefunguka lote, upana wake porini ni kama sentimita 3 hadi 4, na unaona ncha tano. Sasa ndo ligeuze. Nyuma utakuta sepali tatu (vile vipande vya nje vinavyolifunika ua likiwa changa), mbili ndogo sana za pembeni ambazo wengi hawazioni, na moja kubwa ya chini ambayo ina umbo la mtumbwi usio na kina, alafu ghafla inabanwa na kuwa mkia mwembamba kama uzi uliopinda, urefu wake kati ya milimita 28 na 45. Hiyo "ghafla" ndo ya muhimu. Kwenye spishi nyingine nyingi kile kifuko cha nyuma ni kirefu na kinapungua taratibu mpaka kuwa mkia. Kwa walleriana mtumbwi unaisha, uzi unaanza, hamna katikati.

Petali, vile vipande vya rangi vya ua: zipo tano ila usihesabu tano zilizo huru. Moja ya juu iko peke yake, nne zilizobaki zimeunganishwa mbili mbili, kulia jozi na kushoto jozi. Ukivuta petali ya pembeni taratibu utaona inakuja na mwenzake.

Kwahiyo majani ya kupishana yenye vikonyo, ua bapa, mtumbwi usio na kina na mkia mrefu mwembamba. Vyote hivyo vikiwepo basi una walleriana mkononi, iwe nyekundu iwe nyeupe.

Mbona msitu mmoja una nyekundu, pinki na nyeupe, ni spishi tofauti?

Hapana. Walleriana porini inatoka nyekundu kali, rangi ya machungwa, pinki, zambarau ya kufifia na nyeupe, na saa nyingine rangi mbili tatu ziko kwenye bonde moja. Programu za simu za kutambua mimea nazo zinachanganyikiwa hapa, zinakupa jina kwa kuangalia sura ya mbele na rangi kwa sababu hiyo ndo picha watu wanayopiga. Ukitaka jibu la maana piga picha tatu: ua kwa ubavu mkia uonekane wote, sehemu majani yanapoungana na shina, na mmea mzima. Picha ya mbele piga ukipenda, inapendeza ila haisaidii sana.

Huo mkia wa nyuma una kazi gani?

Ndimo nekta, yale maji matamu ya ua, ilimo, kule mwisho kabisa wa uzi. Kuifikia inabidi uwe na mrija mrefu mwembamba, na mwenye mrija wa hivyo ni kipepeo. Ua bapa linampa pa kutua, tundu dogo katikati linamwonyesha pa kuingizia mdomo, na wakati anafyonza kichwa au mdomo wake unagusa chavua iliyopo juu ya tundu. Nyuki mkubwa hawezi kufika chini kule, labda aje kuchukua chavua tu.

Ukilinganisha na ndugu zake utaona kila mmoja amejipangia mgeni wake. Impatiens niamniamensis ya misitu ya Afrika ya Kati, ambayo inafika mpaka huku upande wa Kenya, ina kifuko kinene chenye rangi kali nyekundu na njano na nekta nyingi, mgeni wake ni chozi, yule ndege mdogo wa mdomo uliopinda. Kule Mlima Kameruni kuna Impatiens sakeriana ambayo bua lake halimpi ndege pa kusimama, na watafiti wamemwona chozi wa huko akielea hewani mbele ya ua huku anakunywa, jambo ambalo watu walizoea kulisikia kwa ndege wavumaji wa Amerika tu. Kwahiyo nyuma ya ua inakwambia pia nani analitembelea.

Nasikia ua limekaa kichwa chini miguu juu, ni kweli?

Kweli kabisa. Ua likiwa changa, ile sepali yenye mkia iko upande wa juu. Kabla ya kufunguka bua la ua linajizungusha nusu duara, ndo sepali inaishia chini. Hata okidi nyingi zinafanya hivyohivyo ingawa sio ndugu.

Kuna kitu cheupe kimedondoka katikati ya ua, linaumwa?

Hapana, limebadilisha jinsia tu. Stameni tano, yaani viungo vya kiume vya ua, zimeungana juu na kufanya kakofia kanakofunika ovari, kile kifuko kinachokuwa tunda, na siku za mwanzo ua ni dume, linatoa chavua. Baadaye kofia nzima inadondoka, stigma, sehemu ya kike inayopokea chavua, inabaki wazi, na sasa ua ni jike. Hivyo ua moja haliwezi kujichavusha lenyewe kirahisi, ila maua mawili ya mmea uleule yanaweza kuchavushana na mbegu zikatoka vizuri tu. Ukiwa unaandika maelezo ya mmea, andika umekuta ua likiwa hatua gani, maana mtu mwingine akiliona bila kofia anaweza kuandika kwamba halina stameni.

Tunda linalipukaje?

Hili watoto wanalijua kuliko wakubwa. Tunda ni dogo, la kijani, limevimba katikati na kuchongoka pande zote mbili, urefu wake ni milimita 15 hadi 20, halina nywele. Kuta zake ni vipande vitano vilivyoshikana kwa mishono myembamba, na likikomaa vile vipande vimejaa maji na vinavutana kwa nguvu huku mishono ikizidi kuwa dhaifu, mpaka tone la mvua, mdudu au kidole kikigusa tu, mishono inaachia na vipande vinajikunja kwa ndani kwa kasi ambayo jicho haliwezi kufuata, mbegu zinaruka. Nguvu yote hiyo ni ya maji yaliyomo kwenye kuta, kwahiyo tunda lililonyauka halirushi vizuri. Mbotania Mswidi Linnaeus aliipa jenasi hii jina la Impatiens mwaka 1753 kwa tabia hiyo ya kutosubiri.

Ukitaka mbegu usizikimbize chini. Funika tunda lililonenepa kwa kitambaa chepesi likiwa bado mmeani, alafu lifinye ndani humo.

Inapatikana wapi kiasili?

Kuanzia kusini mashariki mwa Kenya, Tanzania, Malawi, Msumbiji mpaka milima ya mashariki ya Zimbabwe. Inapenda msitu wenye unyevu, kingo za vijito, miamba yenye kivuli, na inaanzia nyanda za chini karibu na pwani hadi kama mita 1,800 hivi. Huku kwetu pazuri pa kuiona ni Milima ya Tao la Mashariki, na mimi nitakupeleka Amani, Usambara ya Mashariki. Ukitoka Muheza ukapita geti la Zigi, barabara inaanza kupanda kwenye msitu, na pale maji yanapodondoka kwenye kingo za barabara ndo inaanza kujitokeza. Amani inapata karibu milimita 1,900 za mvua kwa mwaka, na ndo maana Wajerumani waliweka kituo chao cha utafiti na bustani ya mimea hapo mwaka 1902. Hifadhi ya mazingira asilia ya Amani yenyewe ilitangazwa 1997.

Kwenye miamba hiyohiyo yenye kivuli angalia pia mwenzake wa kitaluni, ule mmea wa majani yenye manyoya na maua ya buluu ambao dunia nzima wanauita urujuani wa Afrika. Sio ndugu kabisa, ila wote wawili walitoka milima hii wakaenda kuishi kwenye madirisha ya Ulaya.

Ni zipi ninazoweza kuzichanganya nayo?

Kwa uzoefu wa maswali yanayokuja ni hizi:

Impatiens sodenii. Hii ni kubwa, shina nene, inaweza kukupita urefu, maua meupe au pinki ya kufifia, makubwa na bapa. Watu wanaona ua bapa wanasema walleriana iliyonenepa. Angalia majani: ya sodenii yanakaa duara, kadhaa kwenye kifundo kimoja. Inapenda majabali na maporomoko ya maji, Kenya na Tanzania. Imepewa jina la Julius von Soden, aliyekuwa gavana wa Afrika Mashariki ya Kijerumani 1891 hadi 1893.

Impatiens kilimanjari. Iko Kilimanjaro tu. Nyekundu, kifuko cha nyuma kirefu kinachopungua taratibu na kujipinda mbele, petali ndogo. Waongoza watalii wanaifananisha na mkonga wa tembo na kwa kweli wamepatia. Ukiiona kwa ubavu huwezi kuichanganya na walleriana, ukiiona kwa mbele tena kwenye picha mbaya unaweza.

Impatiens pseudoviola. Ndogo, inatambaa, maua madogo ya pinki ya kufifia. Kule Kilimanjaro inazaliana na kilimanjari na kutoa machotara ya kati kati.

Impatiens balsamina. Hii sio ya Afrika, ni ya Asia ya kusini, lakini iko kwenye viwanja vingi pwani. Majani membamba marefu yenye meno, maua yamebanana shinani kuanzia chini, na tunda lina manyoya. Tunda lenye manyoya linamaliza ubishi.

Impatiens hawkeri, ile ya New Guinea. Ya kitaluni, majani marefu ya kijani iliyokolea au yenye mistari ya njano, maua makubwa sana. Ukiikuta msituni ujue kuna mtu alitupa taka za bustani.

Usambara nimekuta mmea ambao hauko huku wala kule, nimekosea wapi?

Hujakosea. Usambara kuna Impatiens usambarensis, ndugu wa karibu sana wa walleriana, na pale zinapokutana zinazaliana, hasa pembeni mwa barabara na sehemu msitu ulipofunguliwa. Ukikuta kundi ambalo kila mmea una sura yake, mmoja mkia hivi, mwingine majani vile, usilazimishe jina moja. Andika kwamba ni kundi la machotara, taja spishi mbili unazodhani ni wazazi, na chukua picha za mimea kadhaa badala ya mmoja uliokupendeza. Mimi naona hapa ndo pametamu kuliko sehemu yote ya jenasi hii, maana unaona spishi mbili zinachanganyika mbele ya macho yako na mara nyingi sababu ni binadamu aliyekata njia.

Kwa nini vitabu vya zamani vinaiita sultani au holstii?

Kwa sababu ilipewa majina mara tatu. La kwanza walleriana lilitolewa na Joseph Dalton Hooker mwaka 1868 kwa heshima ya Horace Waller, mmisionari wa Kiingereza aliyekuja na misheni ya vyuo vikuu kule kwenye mito ya Shire na Zambezi mwaka 1861, rafiki wa mpelelezi David Livingstone, ndiye aliyekuja kuhariri shajara zake za mwisho. Baadaye John Kirk, ambaye alikuwa daktari na mbotania wa safari ya Livingstone ya Zambezi kabla ya kuwa balozi Zanzibar, akapeleka mmea Kew, bustani ya mimea ya kifalme huko London, kutoka Zanzibar, na mwaka 1882 Hooker huyohuyo akauita Impatiens sultani kwa heshima ya Sultani wa Zanzibar, wakati huo ni Sayyid Barghash. Ona sasa, mtu mmoja anaupa mmea mmoja majina mawili! Sio uzembe, sampuli kavu za jenasi hii ni mbaya mno na nitalieleza hilo chini. Alafu Wajerumani nao wakaja na Impatiens holstii kutokana na mimea ya Usambara aliyokusanya Carl Holst.

Baadaye walipolinganisha vizuri wakaona ni spishi moja inayobadilikabadilika, na kwa kanuni jina lililotangulia ndo linabaki. Kwahiyo sultani na holstii ukiyaona kwenye kitabu cha bustani cha zamani soma walleriana. Aliyeinyoosha Afrika nzima ni Christopher Grey-Wilson wa Kew, kwenye kazi yake ya mwaka 1980 kuhusu Impatiens za bara hili.

Ilifikaje kuwa ua la dunia nzima?

Waingereza waliipenda mapema kama ua la dirishani kwa sababu haichoki kutoa maua, wakaiita Busy Lizzie. Ila mlipuko mkubwa ulitokea Kosta Rika. Mmarekani mmoja, Claude Hope, alikuwa na shamba la mbegu huko na miaka ya 1960 akazalisha aina fupi zenye matawi mengi na rangi zinazotabirika, zile za Elfin, na kuanzia hapo ikawa moja ya maua yanayouzwa zaidi kwa bustani za kivulini Marekani. Huko baridi inaiua kila mwaka kwahiyo wananunua upya kila mwaka, biashara nzuri hiyo.

Nje ya Afrika ni gugu?

Sehemu zenye joto na unyevu ndiyo, imetoroka bustanini. Brazil imejaa kwenye misitu ya Atlantiki na wameibatiza Maria-sem-vergonha, yaani Maria asiye na haya. Kosta Rika, Hawaii na mashariki mwa Australia nako ni hivyohivyo. Wale mlioko Uingereza, ile ndefu ya pinki mnayoiona kando ya mito sio hii, hiyo ni Impatiens glandulifera ya Himalaya iliyopelekwa huko 1839, nayo inasumbua sana mpaka Umoja wa Ulaya uliiweka kwenye orodha ya mimea vamizi mwaka 2017.

Majani yangu yamekuwa ya njano na chini kuna unga mweupe, yakadondoka yote. Nini hiki?

Ukungu wa unyoya, kitu kinaitwa Plasmopara. Unaanzia chini ya jani, juu linapauka, maua yanaacha kutoka, mwishoni shina linabaki uchi limesimama. Ulionekana kwa nguvu Uingereza 2003 na ukafyeka bustani za Marekani miaka ya 2011 na 2012 mpaka vitalu vingi vikaacha kuuza walleriana kwa muda. Ng'oa mmea mzima, weka kwenye mfuko, usiutupe kwenye mboji kwa sababu mbegu za ukungu zinakaa udongoni, na mwaka huo panda kitu kingine hapo. Ile ya New Guinea haiathiriki sana, na sasa kuna mbegu za walleriana zenye ukinzani, Beacon na Imara. Binadamu na mifugo huu ukungu hauwagusi.

Naipandaje nyumbani?

Rahisi kuliko mmea wowote ninaoujua. Kata ncha ya tawi yenye vifundo viwili vitatu, toa maua na majani ya chini, weka kwenye glasi ya maji mbali na jua, mizizi itatoka ndani ya wiki moja mbili. Udongo uwe na mboji na upitishe maji. Kivuli au jua la asubuhi tu. Dar na Mombasa jua la mchana linaichoma, Lushoto na Limuru inavumilia zaidi. Ukisahau kumwagilia inalala chini kabisa kama imekufa, mwagilia na jioni utaikuta imesimama. Ukipanda kwa mbegu usizifukie, zinahitaji mwanga kuota.

Inaliwa? Ni dawa?

Usile na usinywe. Jenasi hii ina vichane vya kalsiamu oksaleti ndani ya majani, vinawasha, na hamna sababu ya kujijaribia kwenye figo zako. Kupamba, ndiyo.

Matumizi halisi ninayoyapenda ni ya ndugu yake Impatiens tinctoria, mmea mrefu wenye maua makubwa meupe yenye koo la zambarau, unapatikana Ethiopia, Kenya, Uganda na mashariki mwa Kongo. Una viazi chini ya udongo, na Ethiopia kina mama wanavitwanga na kupaka mikononi na miguuni kupata rangi, kama hina. Na sio bahati tu, kile kikemikali kinachotia rangi kwenye hina kimekutwa pia kwenye Impatiens, ile balsamina ya Asia nayo wanaitumia kupaka kucha.

Ndio inayotoa zeri ile ya kwenye vitabu vya dini?

Hapana. Zeri na manemane ni utomvu wa miti ya Commiphora, miti ya miiba ya sehemu kavu. Haina uhusiano wowote na mmea huu wa maji maji.

Nataka kukusanya sampuli ya hebaria (hifadhi ya mimea iliyokaushwa), nifanyeje isiharibike?

Karibu kwenye tatizo linalowaumiza wote. Mmea ni maji matupu, ukiubana kwenye magazeti kienyeji majani yanaoza au yanadondoka kwenye vifundo, na ua linageuka kipande cha plastiki kilichoshikana ambacho hata uchemshe vipi huwezi kujua sepali ilikuwa na kina gani. Ndo hapo majina matatu yalipozaliwa.

Fanya hivi. Kabla ya kung'oa, pima na uandike: urefu wa mmea, rangi ya shina, rangi ya ua ikiwa hai, urefu wa mkia, mtumbwi una kina kiasi gani, ua liko hatua ya kofia au stigma. Chukua maua mawili matatu uyaweke kwenye chupa ndogo yenye spiriti, hayo ndo yatakayokuokoa. Ua jingine lichambue palepale, tandaza sepali tatu na petali kila jozi kwenye karatasi yake, ndo ubane. Badilisha magazeti kila siku, siku za mwanzo hata mara mbili, na joto la kukaushia liwe la wastani lenye hewa inayopita. Andika mahali kwa ramani ya simu, mwinuko, na ilikuwa imesimama kwenye nini, mwamba, tope au kingo za barabara. Lebo isiyo na makazi ya mmea ni kama hujaandika.

Sampuli za kulinganisha zipo Hebaria ya Afrika Mashariki pale Makumbusho ya Taifa Nairobi, ambayo asili yake ni Amani hiyohiyo kabla ya kuhamishwa 1950, na pia hebaria ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na ile ya taifa Arusha.

Naweza kuchomoa miche Amani nikaipande kwangu?

Hapana, ndani ya hifadhi huchukui mmea bila kibali cha TFS, wakala wa misitu Tanzania, na kwa utafiti unaanzia COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia. Kwa bustani hamna haja hata ya kuhangaika, omba tawi kwa jirani.